Odowa Mlangoni mwa Magofu

Mtu aliyewahi kutembeza bidhaa Nairobi akisikia filimbi nyuma yake hageuki kuangalia ni nani anayepuliza. Anakimbia kwanza. Akishapinda kona ndipo anajiuliza kama filimbi ilikuwa yake au ya mwenzake. Mimi hilo nilifundishwa na kanjo, askari wa jiji, enzi zile nikiuza ndizi kando ya barabara, kabla sijapata kibanda changu cha supu pale Kiamaiko. Kwa hiyo filimbi ilipolia kule Ugiriki, juu ya kilima, katikati ya nguzo za mawe zilizosimamishwa kabla Yesu hajazaliwa, mimi mama mzima, mwenye magoti mabovu, nilikunja sketi, nikakumbatia mkoba, nikatoka mbio.

Na ndani ya mkoba nilikuwa na mawe.

Ngoja nieleze vizuri. Watu wa ploti yetu nikiwaanzia hapo hunicheka mpaka wanashika mbavu, na mimi saa hiyo sikucheka hata kidogo.

Nina binti mmoja tu. Tuliishi naye mtaa wa Huruma, ghorofa ya nne, kwenye ploti ambayo landilodi aliamua kila nyumba ipate ufunguo mmoja wa geti, basi. Nikirudi jioni kutoka Kiamaiko nikinuka moshi na mbuzi, nasimama chini natupa sauti: "Wewe! Uko?" Naye anachomoza kichwa kwenye roshani, katikati ya mablanketi yaliyoanikwa, anajibu, "Niko!" Halafu ananirushia ufunguo ndani ya soksi. Siku nyingine anachelewa yeye, na ndiye anayesimama chini kuniita: "Mathe! Uko?" Nami namjibu, "Niko!" Majirani walishatuzoea. Sauti yangu ni ya sokoni, na yeye alinirithi sauti hiyo akaongezea yake.

Alipomaliza shule akahangaika na vibarua, kisha akapata kazi Ugiriki ya kusafisha vyumba kwenye hoteli ya ufuoni. Akaenda. Akajifunza lugha yao, akaolewa na kijana wa huko anayepika kwenye meli, mtu mpole ila kila wakati yuko majini. Akashika mimba. Siku moja nikiwa kibandani, mwiko mkononi, wateja wamejaa, simu ikalia. Alikuwa hospitalini peke yake, mume yuko safarini, na mimba ilikuwa inatoka. Alikuwa ananiita tu. Mathe. Mathe. Mimi nafanya nini, na katikati yetu kuna bahari na majangwa? Nilichutama nyuma ya jiko nikamwambia nipo, nipo, nipo, mpaka akanyamaza. Kunyamaza kwake kule kulinikaa kifuani. Nilidhani na yeye amekwenda. Nilipiga simu mpaka jioni ndipo muuguzi akaipokea, na hata huyo hatukusikizana.

Basi aliposhika mimba ya pili nilimwambia: hii hutazaa peke yako. Hata kama ni kuja kwa miguu, nitakuja, na nitakuwa mlangoni. Alilia, akasema, "Usiniambie kitu huwezi fanya, Mathe." Nikamwambia, "Nimesema."

Mambo ya viza siyasimulii. Nilipata, Mungu si Athumani. Lakini wiki ya kusafiri binti yangu akapiga simu kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba bangi.

"Mathe, niletee odowa."

Mwanamke wa Nairobi haelezwi odowa. Ni yale mawe meupe-kijivu, laini, mama wa soko huyapanga mafungu karibu na tangawizi. Ukiwa mjamzito ukipita hapo miguu inasimama yenyewe. Unalitia mdomoni linavunjika kama biskuti ngumu, na ladha yake ni ile harufu ya mvua ya kwanza ikipiga vumbi. Mimi mimba yake yeye niliilea kwa odowa. Sasa daktari wa huko alikuwa amemkataza kabisa, eti udongo unamaliza damu. Nilimwambia daktari ana haki. Akaanza kulia. Nilimwambia pole, siwezi. Akaendelea kulia. Kesho yake nikaenda sokoni Huruma nikanunua, nikayavunja vipande vidogo, nikayatia kwenye pakiti tupu ya unga.

Tulikubaliana nikifika: kipande kimoja kwa siku, kadiri ya ukucha, akishakula mboga zake na dawa ya damu. Sikumwamini hata kidogo. Mtoto niliyemlea namjua, sukari yangu alikuwa anailamba tangu ajue kupanda kiti. Usiku wa kwanza tu nilimkuta anapekua sanduku langu, na tumbo lile, amepiga magoti. "Shindwe!" nikamwambia. Tangu hapo mawe yalihamia mkobani, na mkoba ukawa pacha wangu. Nalala nao, naenda nao chooni.

Mumewe alikuwa safarini, angerudi kabla ya siku ya kujifungua. Mimi nilikaa nikimwangalia binti yangu. Akigeuka, nauliza ni nini. Akienda msalani, nasimama nje. Asubuhi moja akachoka.

"Mathe, unaniangalia kama sufuria ya maziwa. Nenda ukaone magofu. Watu wanatoka Marekani kuyaona na wewe uko dirishani kwangu unahesabu nikipumua. Bado siku ziko. Nenda, aki."

Alinikatia tiketi kwa simu, akanipandisha basi, akanionyesha jinsi ya kurudi. Niliondoka nikinung'unika.

Nitasema ukweli, palikuwa pazuri, na uzuri wenyewe uliniudhi. Jua kali la kuumiza macho, bahari ya bluu huko chini, watu wamejilaza mchangani nusu uchi wakijichoma kwa hiari yao. Kwetu jua tunalikimbia, tunajifunika na katoni. Mlangoni palikuwa na bango lenye picha ya mkono unaookota jiwe, na mstari mwekundu juu yake. Nilicheka peke yangu. Nikasema, mtu apande ndege kuja mpaka huku aibe kokoto, ana akili huyo?

Ndani kulikuwa na nguzo zilizosimama bila paa, ngazi zisizofika popote, na sanamu za mawe, wanaume wazima wasio na nguo wala mikono, lakini misuli ya tumbo unaihesabu. Mchongaji wa zile alikuwa fundi. Kulikuwa na mwanamke mmoja wa jiwe, kichwa hana, na kitambaa kimemganda mwilini utadhani amenyeshewa. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Alikuwa na tumbo kidogo. Labda ni mimi tu nilikuwa naona matumbo kila mahali.

Watalii walikuwa wanapiga picha kuta zilizoanguka. Mimi kuta zilizoanguka sizipendi. Huruma nyumba ikianguka hatupigi picha, tunakimbia na majembe na mikono mitupu, tunaita majina kwenye kifusi, halafu tunanyamaza wote tusikie kama kuna anayejibu. Nimewahi kuita hivyo. Nilipoona mawe yale yamelala hivi na hivi, na watu wanakula aiskrimu juu yake, mwili ulinisisimka. Nikaamua narudi nyumbani.

Hapo ndipo simu ikalia.

"Mathe." Sauti haikuwa yake ya asubuhi. "Chupa imepasuka. Maji yamejaa jikoni. Nimeita ambulensi."

"Bado siku!"

"Mwambie mtoto hivyo." Halafu akavuta pumzi kwa meno. "Mathe, njoo. Usikawie. Usiniache kama ile siku."

"Nakuja! Nasema nakuja!"

Njia yao ya kutokea inazunguka kilima chote ili uone kila kitu. Mimi sikuwa na haja ya kuona kitu. Mlango ulikuwa pale chini, nauona kwa macho, na katikati ni kamba tu na uwanja wa mawe. Nikaivuka kamba. Nikapita juu ya ukuta wa watu wa kale na raba zangu za mtumba. Hapo filimbi ikalia, na yaliyofuata nimeshakwambia.

Nilikimbia vizuri, sitajishusha. Watu walinipisha. Lakini mbele, mlangoni, kulikuwa na askari wa pili, mrefu, akanyoosha mikono kama golikipa. Nikamkwepa kushoto, akanishika mkanda wa mkoba. Mimi mkoba wangu mtu asiushike. Tulivutana pale mbele ya watu, mkanda ukakatika, mkoba ukaanguka, na odowa zikamwagika juu ya sakafu: vipande vyeupe-kijivu, vyenye kingo zilizovunjika, rangi moja kabisa na ukuta ulio nyuma yangu.

Nilisikia watu wakiguna. Askari akatazama mawe, akatazama bango lile la mkono na mstari mwekundu, akanitazama mimi.

Waliniingiza kwenye ofisi ndogo, wakafunga mlango. Yule wa filimbi alikuja akihema, akaanza kuokota vipande na kuvipanga mezani juu ya karatasi nyeupe. Alikuwa akishika kila kimoja kwa vidole viwili, kwa heshima. Walinisemesha. Nikawasemesha. Kiingereza changu ni cha kuuzia supu, chao kilikuwa cha kuuzia tiketi. Nilisema "baby", nilisema "hospital", nikachora tumbo kwa mikono. Wakanitazama tumbo langu mimi, mama wa umri huu, wakatazamana. Mrefu akachukua simu ya mezani. Neno polisi linafanana popote duniani.

Nilipiga simu kwa binti yangu. Haikushikwa. Nikapiga tena. Haikushikwa. Jasho lilikuwa linanitoka mpaka kwenye nyusi, nikaona sasa ndiyo yale yale: yeye kitandani peke yake, mimi nimekwama na simu mkononi. Na safari hii siko mbali. Niko mji mmoja naye! Hasira ilinipanda. Wazee walisema mficha uchi hazai. Nikasema, kama aibu ni ya kula udongo, basi na niile mbele yao waone. Nikanyakua kipande mezani nikakitia mdomoni, nikatafuna.

Woi! Ningejua. Yule wa filimbi alipiga kelele kama nimemla mtoto wake. Walinirukia wote wawili, mmoja amenishika mkono, mwingine ananishika taya, anataka niteme. Kwao nilikuwa nameza ushahidi. Mimi natafuna kwa nguvu, nasema, "Ni chakula! Chakula! Food!" huku vumbi jeupe linanitoka mdomoni. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Mlango ukafunguliwa akaingia mwanamke wa makamo, nywele za mvi zimefungwa juu na penseli, magoti yana udongo. Nafikiri ndiye aliyekuwa akichimba kule juu, maana nilimwona asubuhi amechuchumaa kwenye shimo na brashi. Askari wakaniachia. Akaniangalia mdomo, akaangalia meza, akavuta kiti.

Na simu yangu ikalia.

Nikaweka spika. "Wewe! Uko wapi?"

"Ambulensi. Mathe, wewe uko wapi?"

"Wamenishika! Wanasema nimeiba mawe yao. Ni zile odowa zako! Waambie, ongea nao, waambie ni za kula!"

Halafu binti yangu, mtoto wa Huruma, akaanza kuwafokea kwa lugha yao. Sikuelewa hata neno, lakini mtindo niliuelewa, ni ule wa kugombania maji kwenye mfereji. Nilisikia Kenya. Nilisikia odowa. Yule wa filimbi akajaribu kujibu, akakatwa. Akajaribu tena. Kisha katikati ya sentensi sauti ya binti yangu ikabadilika, maneno yakakatika, na ukatoka mlio. Si kelele ya kawaida. Ni ule mlio mrefu wa chini, unaotoka kiunoni, unaoujua ukiwa umeshazaa. Ulijaa ofisi yote. Askari mrefu alirudisha simu ya mezani mahali pake polepole. Hakuna aliyesogea. Mlio ukapanda, ukakaa, ukashuka. Halafu simu ikakatika.

Nilimwita. Hakuna kitu.

"Alo! Alo! Wewe, uko?"

Kimya kile kile. Nikashika meza. Nilianza kulia mbele ya watu wale, kwa sauti, sikuona haya.

Yule mama wa penseli alichukua kipande cha odowa. Akakikwaruza kwa ukucha, kikatoa unga. Akakigusisha ulimini, akafikiri, akakunja uso, akatema kwenye kitambaa. Akawaambia askari jambo fupi sana. Yule wa filimbi akawa mwekundu. Mrefu akaanza kuyarudisha mawe kwenye pakiti ya unga, moja moja, bado kwa heshima ile ile, kana kwamba amepoteza njia ya kuyashika kawaida. Mama yule hakumsubiri amalize. Alichukua funguo za gari mfukoni, akanishika mkono juu ya kiwiko, akanivuta nje.

Hospitali ya mji ilikuwa moja, na njia aliijua. Aliendesha kama mtu wa kwetu, honi mkononi, akipita kushoto kwa malori ya machungwa. Bahari ilikuwa inametameta upande mmoja na wazungu wanaogelea, nikawachukia wote. Nilikuwa naomba. Sikuomba kwa ustadi. Nilisema tu, Baba, nilisema nitakuwa mlangoni, usinifanye mwongo. Karibu na hospitali ndipo nilipopapasa mapaja yangu nikagundua mkoba sina. Umebaki mezani na odowa zote. Wala sikujali.

Ghorofani muuguzi alinizuia. Mlango wa chumba cha kuzalia ulikuwa umefungwa, na mimi nilikuwa na vumbi la karne zote, mdomo mweupe, raba moja imefunguka kamba. Mama wa penseli alimsihi, wakabishana. Muuguzi alitikisa kichwa, akaonyesha benchi, akaingia, mlango ukajifunga nyuma yake.

Kutoka ndani nikasikia, "Mathe! Mathe! Uko?"

Sikumbuki kufikiri. Nilisimama katikati ya ile korido safi, miguu nimeitanua, nikatupa sauti ile ya kufika ghorofa ya nne juu ya redio za watu na honi za barabarani.

"Niko!"

Watu walitoka vyumbani. Mzee mmoja wa fimbo alisimama akishika moyo.

"Mathe, siwezi!"

"Unaweza! Niko hapa mlangoni! Sukuma!"

"Usiondoke!"

"Niende wapi na ufunguo unao wewe? Sukuma, mama yangu! Sukuma!"

Alisukuma. Nilimsikia akisukuma, na mimi huku nje nasukuma naye, nimeegemea ukuta, nakunja vidole ndani ya raba. Mama wa penseli alikuwa amenishika begani na kucha zimeniingia. Binti yangu alipiga ukelele mmoja wa mwisho, mrefu, halafu ukakatika.

Kimya.

Nilisubiri. Nilisikia vyuma vikigongana, viatu vikipita haraka. Hakuna mtoto aliyelia. Hakuna aliyeniita. Nilikumbuka kifusi, watu wote wamenyamaza, majembe juu. Nilikumbuka jiko langu la Kiamaiko na simu iliyokufa sikioni. Nikaweka kiganja kwenye ule mlango. Sauti yangu ilikuwa imeniisha, nikaitafuta, nikaipata ndogo tu.

"Wewe," nikasema. "Uko?"

Hakuna.

"Wewe! Uko?"

Ndani kitu kikakohoa. Kikakohoa tena, kikashika hasira, kikaanza kulia, kilio cha kelele kisicho na adabu, cha sokoni kabisa. Na chini ya kilio hicho nikasikia sauti ya binti yangu, imechoka.

"Tuko, Mathe. Tuko."